Kijiji Kilichokataa Moto

Ni mavi ya ng'ombe, ndiyo. Nimekujibu kabla hujauliza, maana pua yako imeshaniuliza tangu ulipovuka geti. Makavu, safi, yametoka Dutwa kwenye kiroba, yamepanda juu ya keria ya basi kama mgeni wa heshima. Kaa. Vuta kigoda ukae upande huu na wenzako, upepo unaupeleka moshi kule kwa majirani, na wao waonje.

Mkwe wangu ameingia ndani, amefunga na dirisha. Huyu mke wa mwanangu ni mtu mzuri, sitamsema vibaya, nitamwigiza tu. Anabana pua hivi, sauti inatokea kichwani: "Maamaa, jamani, Bariadi mjini hapa, majirani watatuonaje?" Nikamwambia watatuona tunakula. Maana mtungi wa gesi umeisha, umesimama pale pembeni kama mlinzi aliyesinzia. Mkaa nao, yule kijana anayeupitisha siku hizi gunia lake limeota kiuno kama msichana, halafu anakubembeleza: "Bibi yangu mzuri, siyo mimi, umepanda huko unakotoka." Na ile luku ya umeme ukutani mnaijua, ikikaribia kuisha inalia ti, ti, ti, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Mwanangu akiisikia anazima taa, anazima tivi, anazima na wajukuu: "Haya, kalaleni!" Hata jua halijazama vizuri. Mimi nacheka peke yangu. Hilo neno "siyo mimi, ni huko unakotoka" nalijua tangu sijaota meno ya pili. Siku nikifika huko vinakotoka vitu nitampiga mtu.

Basi jana nikasema potelea mbali, nikawasha haya. Moshi wa kwanza ulipoingia puani nikamwona bibi yangu. Sisemi nilimkumbuka. Nilimwona, amechuchumaa ng'ambo ya jiko, mikono juu ya magoti, ananiangalia na yale macho. Nikamsalimia, "Mwadila, bibi." Mkwe wangu alichungulia, "Mama, unaongea na nani?" Nikamwambia naongea na bei ya gesi.

Ninyi wenzangu wa magoti yanayolia mtanielewa. Sisi tulikuwa tunakaa upande wa Mwamapalala, kwenye mbuga iliyonyooka mpaka ukimwona mtu anakuja unapika, unakula, unaosha vyombo, ndipo anafika. Miti ilikuwa imekwisha kabla sijazaliwa. Wazee walisema ilikatwa kufukuza mbung'o, ikakatwa tena kupisha pamba, na iliyobaki tukaipikia. Mwanamke alitoka kutafuta kuni alfajiri, akarudi jua linazama na kamzigo unakoweza kukafunga kwa mkanda wa nguo. Ya maana tuliyokuwa nayo ni mabua ya pamba. Na mabua nayo yalikuwa na mwenyewe, bwana shamba. Alikuja na pikipiki na soksi zake mpaka magotini, anapiga kelele hata mtu ukiwa karibu: "Mabua yote yang'olewe, yachomwe humo humo shambani! Nisikute hata bua moja! Wadudu!" Basi msimu ukifika mashamba yote yanawaka kwa pamoja, mbuga nzima moshi, na wanawake wamesimama kingoni na mikono kichwani, wanaangalia ugali wa mwaka mzima unaungua bila chungu. Bibi alikuwa anatema mate pembeni, anasema, "Huyu mtoto hajawahi kuinjika chungu."

Mafuta ya taa ndiyo usiseme. Mwenye duka alikuwa na sauti ya msibani. Ukimpa chupa anaitazama kwanza kama anaitazama maiti: "Yamepanda, mama. Siyo mimi, ni huko yanakotoka." Mayu wangu, mama yangu mzazi, akiondoka na chupa nusu, ikafika siku akaondoka nayo tupu. Koroboi ilikuwa moja mji mzima, na mji kwetu ni boma la mtu na watu wake, inawashwa akija mgonjwa au mgeni, na mgeni akikaa sana mtu anaanza kukohoa ili aelewe. Viberiti navyo viliadimika. Baba alikuwa na kimoja, amekifunga kwenye nailoni, amekichomeka kwenye nyasi za paa. Tulikiheshimu kama mtu.

Hapo ndipo bibi yangu akawa mkubwa kuliko mwenye duka. Huyu ni mama yake baba, wenyewe walimwita Ng'wana Lugwisha, mtoto wa Lugwisha, maana kwetu mwanamke azeeke mpaka ajikunje bado anaitwa kwa baba yake. Moto wake ulikuwa haufi. Alichagua mavi mazito, akayakanda na pumba, akayabandika ukutani kwa kiganja mpaka nyumba yake ikaota alama za vidole vyake kila mahali, kama imeshikwa na watu wengi. Jioni alichukua bonge moja, akaliweka katikati ya mafiga juu ya makaa, akalifunika majivu taratibu, kama unavyomfunika mtoto anayejitupatupa. Na alikuwa anauambia, "Lala. Lala, ng'wanone, mwanangu. Usiamke, usife." Mimi nalala kwake, kama wasichana wote walivyolala kwa bibi zao, nasikia. Alfajiri anasogeza majivu kwa kidole. Moto upo, unamwangalia kwa jicho moja jekundu.

Basi wanawake wa miji ya jirani wanakuja na vigae, vile vipande vya vyungu vilivyovunjika, kuchukua kaa la moto. Wa kwanza kila siku alikuwa Ng'wana Ndulu, mke wa Luhende, jirani yetu wa karibu, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Anaanza kusalimu toka mbali: "Mwangalukaaa! Ng'wana Lugwisha! Moto wako umeamka, au bado unajinyoosha?" Bibi anamjibu, "Umeamka kabla ya mume wako." Wanacheka. Anawekewa kaa lake juu ya mavi kidogo, anaondoka analipulizia, na nyuma yake mwingine, na mwingine. Ukisimama kichuguuni unaona moshi unaota mji mmoja mmoja kufuata njia aliyopita mwanamke na kigae. Moto wa kijiji kizima ulitoka kwenye mafiga ya bibi yangu, na mwenye duka akabaki anapigana na nzi.

Sasa macho. Macho ya bibi yalikuwa mekundu, siyo ya kuumwa siku moja, mekundu ya miaka, kope zimeisha, kingo zinang'aa. Mavi yana moshi mchungu, ninyi mnajua. Lakini mimi mtoto nilikuwa na akili zangu. Nilijiuliza, moto ukifunikwa majivu, unakwenda kulala wapi? Nikaona jibu mwenyewe. Unalala machoni mwa bibi. Jioni anauingiza, alfajiri anautoa. Maana nilimwona siku moja ameinama anapuliza, kaa likawaka, na macho yake yakawaka papo hapo. Nikamaliza kesi. Na niliyataka macho yale! Nilikaa karibu na moshi, sigeuzi uso, machozi yananitoka kama mfiwa. Nikamuuliza, "Bibi, mimi nitapata lini?"

"Nini?"

"Macho."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka, akaniangalia sana. "Yanakuja yenyewe," akasema. "Usiyaite."

Ndipo ndama wa Luhende wakaanza kufa. Leo daktari wa mifugo atakuambia ni kupe hao, atakuandikia na dawa ya kuogeshea. Wakati ule tulimwona ndama tu amesimama, shingo ameinyoosha, tezi zimemvimba chini ya masikio, anamwangalia mtu ambaye hayupo. Halafu anapiga magoti, kama amesalimiwa. Akifa huyu, kesho mwingine anageukia upande ule ule. Watoto tulikwenda kusimama pale aliposimama, tuone anaangalia nini. Kulikuwa na nyumba ya bibi yangu.

Hakuna aliyesema neno. Kwetu mwanamke mzee wa macho mekundu ana jina lake, na neno lile halisemwi, linatembea lenyewe. Asubuhi moja tu Ng'wana Ndulu hakuja. Bibi alisogeza majivu, akasubiri ile "Mwangalukaaa." Akasema labda mwenzake anaumwa. Kesho yake na wa pili hakuja, na wa tatu, mpaka njia ile iliyokuwa nyeupe kwa nyayo ikaanza kuota majani. Watu walikuwa wamejiuliza swali, ninyi mnalijua hata bila kuambiwa: ni kitu gani kinachoingia nyumba zote kila asubuhi, kikitoka kwa mtu mmoja?

Jioni zile sizisahau. Zamani kigizagiza kikiingia unaona kila mji una mwanga wake mdogo mlangoni. Sasa miji ikazimika. Watu wamo! Unamsikia mtu anakohoa, mtoto anazabwa kofi, ng'ombe anavuta kamba. Lakini hakuna mwanga, hakuna moshi, hakuna harufu ya chakula. Kiberiti hawana, mafuta hawana, na moto wa bibi hawautaki. Walikuwa wanakula matobolwa, vile viazi vya kuchemshwa na kukaushwa tangu msimu, vigumu kama ukwato. Mbuga imetulia, halafu unasikia meno. Kwa, kwa, kwa, mji ule. Kwa, kwa, kwa, mji huu. Kijiji kizima kinatafuna gizani, na nyumba moja tu ndiyo inayong'aa, yetu.

Bibi alivumilia, akashindwa. Alikuwa hajui kukaa na moto peke yake. Jioni moja akajaza vigae, akavipanga kwenye ungo, kimoja akakishika mikononi, mimi nimeshika nguo yake nyuma. Tukaenda. Kwenye kila mji anasimama nje ya ua wa minyaa, anaita kwa upole, "Njooni mchukue, unazima. Jamani, unazima." Ndani kimya, lakini kimya chenye pumzi. Mimi nikaona ni mchezo wa kujificha, nikachekea kwenye nguo yake. Mayu aliniambia baadaye kilichoonekana kutoka ndani. Mwili wa bibi hauonekani, giza limeula. Kinaonekana kaa la moto linatembea usawa wa kifua cha mtu, na juu yake macho mawili mekundu. Kwa Luhende mtoto alipiga kelele, "Mayu! Moto unatembea!" na mkono ukamziba mdomo, nilisikia ulivyomziba.

Bibi akaviacha vigae langoni, kila mji chake. Alisema usiku mtu akiona aibu atatoka kuchukua. Asubuhi vigae vyote vilikuwa pale pale, moto umekufa peke yake, majivu meupe hayana hata alama ya kidole, na nyayo za watu zimezunguka mbali, zimevikwepa kama unavyomkwepa nyoka. Asubuhi iliyofuata tukavikuta kwetu. Vimerudishwa, vimepangwa langoni mwetu kwa mstari, vimefunikwa kifudifudi. Hatukusikia aliyevileta, na mbwa hakubweka. Bibi alivigeuza kimoja kimoja, anavipangusa kwa kanga yake. Mimi ndiye niliyesema, "Wametuletea vyombo!"

Na siku hizo hizo, macho yangu yakaja. Niliyaona kwenye maji ya mtungi, mekundu kweli kweli, nikaruka mpaka kwa mayu jikoni kwake. "Mayu, yamekuja!" Alinishika kidevu akanigeuzia juani. Akaninusa, kama ng'ombe anavyomnusa ndama akiwa na mashaka naye. Halafu akaniosha macho kwa maji, akaniosha kwa maziwa, akanisugua mpaka nikalia, na kadiri ninavyolia ndivyo yanavyozidi kuwa mekundu, na kadiri yanavyozidi ndivyo anavyosugua. "Huendi tena kulala kwa bibi yako." Nikamwangalia na mimi karibu vile. Kwenye pembe za macho yake palikuwa pameanza kuwa pekundu. Nikafurahi, nikamwambia, "Mayu, hata wewe!" Alinipiga. Mayu alikuwa hapigi.

Wanaume wa kijiji walikuja jua bado liko juu. Mbele Luhende, fimbo mkononi, sauti yake inatoka tumboni na haina haraka: "Mwadila. Hatukuja na neno." Mtu akikuambia hajaja na neno, ita ndugu zako. Baba akawapa vigoda. Wakasifia mvua ambayo haikunyesha. Wakauliza hali ya pamba. Wote wanaangalia chini, isipokuwa bibi akipita, hapo wote wanaangalia macho yake halafu wanarudi chini. Mimi nilikuwa nimefichwa na mayu mlangoni mwa jiko, ananishika mabega.

Mwisho Luhende akasema, "Tunaomba ule moto uzimwe. Wote, mpaka majivu. Kila mji utawasha mpya wa kwake."

Baba akauliza, "Kwa viberiti vipi?"

"Tutatafuta."

"Na mkishauzima, mmemaliza? Mama yangu anakaa kwake?"

Hapo ndipo palikuwa penyewe. Sote tulijua, hata mimi. Siyo moto uliokuwa unaombewa uhai. Katika miji mingine wazee wa macho kama yale hawakuulizwa kitu, walikutwa tu asubuhi, maiti. Baba alikuwa amesimama, mtu mrefu, lakini alikuwa anauliza kama mtoto anayeomba asichapwe. Luhende akachora mstari chini kwa fimbo. Halafu akasema, "Tumemaliza. Anakaa."

Baba akachota maji. Bibi akainuka, akamnyang'anya kibuyu. "Lete hapa. Nimeulaza mimi, nitauzima mimi." Akaingia kwake, wote tukasogea mlangoni, mimi nimemchoropoka mayu. Alichuchumaa, akasogeza majivu kwa kidole kama kila alfajiri, jicho lile jekundu likatoka. Hakuliambia kitu. Akamimina.

Mnajua moto wa mavi unavyokufa. Haukubali mara moja. Ulipiga yowe jembamba, refu, halafu ukaanza kupumua, hhhh, hhhh, mvuke ukapanda ukamfunika bibi mzima, tukabaki tunasikia sauti tu na hatumwoni. Mimi nilikuwa nasubiri. Nilijua mvuke ukiisha, macho yake yatakuwa meupe kama ya watu wote, kwa sababu aliyekuwa analala mle amekufa. Mvuke ukaisha. Yalikuwa mekundu vile vile. Nikageuka kuwaangalia wanaume, niwaulize. Na ninyi niambieni. Mimi nilikuwa mtoto, nilikosea kitoto. Lakini wanaume wazima na ndevu zao wote walikuwa wamekaza shingo, wanayaangalia macho ya bibi, wanasubiri kitu kile kile.

Luhende ndiye aliyekohoa kwanza. Nadhani aliona haya. Akasema, "Basi," akavaa kofia. Mmoja akaomba maji ya kunywa. Mwingine akawa ameshaanza kuipapasa tairi ya baiskeli yake. Baba alishusha pumzi, mpaka leo naisikia pumzi ile.

Kesho yake alfajiri, hakujapambazuka vizuri, bibi alipakiwa kwenye baiskeli ya baba, amekaa upande, kifurushi mapajani, wakashika njia ya Mwandoya kwa kaka yake bibi, na mimi sikumwona tena. Sasa mtaniuliza, si walishakubali? Si walisema anakaa? Walisema. Wale wanaume mimi siwadai kitu, walikuwa wanaondoka.

Mayu ndiye aliyetoka jikoni, siku ile ile ya moto, wanaume bado wako uani. Alinibeba kiunoni, na mimi ni mkubwa, miguu inaburuzika. Akasimama mbele ya Luhende, akanishika kichwa, akanifunua jicho kwa kidole gumba ili wote waone. Mkwe nimemwigiza, bwana shamba nimemwigiza, Luhende nimemwigiza. Hii sauti siiigizi, ilikuwa ndogo, ya mtu anayeuliza chumvi. Hakumwangalia bibi, wala baba. Alisema:

"Moto mmeuzima. Bado mwenyewe."